Kwa nini chura mchanga hukataa chakula alichokipenda alipokuwa kiluwiluwi?

Swali: Mwalimu mmoja wa sayansi anaeleza kwamba yeye na wanafunzi wake walifuga viluwiluwi kumi na wawili wa chura katika tangi la kioo, wakawa wanawalisha majani ya saladi yaliyochemshwa. Kwa wiki kadhaa viluwiluwi walikula kwa bidii, lakini walipotokeza miguu ya mbele waliacha kula kabisa. Watano waliokwisha kupoteza mkia hawakuyagusa majani hata mara moja, na watatu kati yao wamekufa. Wanne wangali na vipande vya mkia, na watatu wana miguu ya nyuma tu. Anauliza: chakula cha chura hubadilika lini hasa, hubadilika kwa sababu gani, na wao walikosea wapi?

Jibu: Mwalimu, poleni kwa hasara hiyo. Nianze na jibu fupi lisije likapotea katika maelezo yatakayofuata. Vyura wenu hawakususa, na yaelekea hawakuwa wagonjwa. Waliyakataa majani kwa sababu vifaa vya kulia majani walikuwa wamekwisha kuvipoteza: midomo ya kukwangulia ilikuwa imewadondoka, utumbo mrefu wa kusagia mimea ulikuwa umefupika, na macho yao yalikuwa yameanza kutafuta kitu kinachotembea, ambacho jani lililochemshwa haliwezi kuwa. Mlikuwa mnamwandalia mnyama ambaye hakuwapo tena.

Vitabu vingi vya shule hulimaliza jambo hili kwa sentensi moja, kwamba kiluwiluwi hula mimea na chura hula wadudu. Sentensi hiyo si ya uongo, lakini inaficha mengi, hasa kile kipindi cha katikati ambacho mnyama hali kitu chochote cha nje, nacho ndicho kilichowashtua wanafunzi wako.

Chakula cha kwanza kabisa ni kiini cha yai. Kiluwiluwi anapotoka katika ute wa mayai, mdomo wake huwa bado haujafunguka. Hujibandika kwenye jani au kwenye ute wenyewe kwa tezi yenye kunata iliyo chini ya kichwa, akatulia hapo siku chache akimalizia akiba ya kiini iliyobaki tumboni. Wafugaji wengi huona utulivu huo wakadhani ni njaa, wakaanza kumimina chakula ambacho hakuna wa kukila. Matokeo yake ni maji yaliyooza.

Mdomo unapofunguka, hali hubadilika haraka. Ukimtazama kiluwiluwi wa kawaida kwa lenzi ya mkononi, utaona midomo miwili migumu myeusi iliyofanyizwa kwa keratini, yaani dutu ileile ya kucha zetu, na kuizunguka kuna safu za vijimeno vidogo sana vya dutu hiyohiyo. Hivi si vyombo vya kutafunia. Ni vyombo vya kukwangulia: vijimeno hushika uso wa jiwe au wa jani, midomo migumu hukwangua ule utando wa utelezi uliojishika hapo, na uchafu unaotifuka huvutwa ndani pamoja na maji. Maji hayo hupitishwa kwenye matamvua, ambako vichujio vyenye ute hunasa chembe ndogo ndogo na kuzipeleka kooni. Kwa hiyo kiluwiluwi hufanya kazi mbili kwa pamoja, hukwangua na huchuja. Wapo walioacha kukwangua na kubaki na kuchuja peke yake, kama viluwiluwi wa jamii ya Xenopus, ambao hawana midomo migumu wala vijimeno, bali huelea kichwa kikiwa kimeinama chini, wakipitisha maji mdomoni mfululizo.

Utando ule wa utelezi si mimea mitupu. Mna mwani, kweli, lakini mna pia bakteria, kuvu, viumbe wa seli moja, mabaki ya majani yaliyooza, mayai ya wadudu na vipande vya wanyama waliokufa. Kiluwiluwi huvimeza vyote, na sehemu kubwa ya protini inayomkuza hutoka katika hivi vingine. Ndiyo sababu utawaona viluwiluwi, ambao kitabu kimewaita wala mimea, wakimzunguka samaki aliyekufa na kumng'onyoa hadi mifupa. Binafsi ningependa vitabu vimwite mla-chochote-kinachoingia-mdomoni, ingawa najua jina hilo ni refu mno kwa mtihani. Na kwa kuwa Kiswahili hutumia neno kiluwiluwi pia kwa mtoto wa mbu, wakumbushe wanafunzi kwamba hawa ni viumbe wawili tofauti kabisa. Mmoja ni mdudu, mwingine ana uti wa mgongo, na mara nyingine huyu wa pili humla yule wa kwanza.

Utumbo nao huonyesha aina ya chakula. Geuza chombo umtazame kiluwiluwi kwa chini: katika jamii nyingi utauona utumbo kupitia ngozi ya tumbo, umejizungusha duara juu ya duara kama kamba iliyokunjwa. Chakula chenye nyuzinyuzi na virutubisho vichache huhitaji kukaa ndani muda mrefu, hivyo bomba lazima liwe refu. Tumbo halisi lenye tezi za kutoa asidi, kama la chura mzima, kiluwiluwi wa kawaida hana.

Nimesema "wa kawaida" kwa makusudi, kwa kuwa katika jamii za vyura zaidi ya 7,000 zinazojulikana duniani kuna walioiacha njia hii wakiwa bado majini. Viluwiluwi wa Lepidobatrachus laevis, chura wa nyanda za Chaco huko Amerika ya Kusini, ni wawindaji tangu wanapoanza kula, na humeza viluwiluwi wenzao wakiwa wazima. Cha ajabu zaidi ni vyura wachimbaji wa jangwani Amerika ya Kaskazini wanaoitwa Spea, wanaozaa katika madimbwi ya mvua ambayo yanaweza kukauka wiki chache tu baadaye. Viluwiluwi wao huanza wote wakiwa wa namna moja, wala-mchanganyiko wenye utumbo mrefu. Lakini baadhi yao wanapokula uduvi wadogo wa madimbwini kwa wingi, umbo lao hugeuka: misuli ya taya hunenepa, utumbo hufupika, nao huanza kuwala wenzao. Mlaji huyu hukua upesi na huweza kutoka majini kabla dimbwi halijakauka. Dimbwi likidumu, hata hivyo, yule mla-mchanganyiko hutoka akiwa na akiba kubwa zaidi ya mafuta mwilini, na huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi nchi kavu. Hapa chakula hakifuati umbo; umbo ndilo linalofuata chakula.

Wengine hulishwa na mama. Chura mdogo mwekundu wa Amerika ya Kati, Oophaga pumilio, humbeba kila kiluwiluwi mgongoni na kumweka peke yake katika maji yaliyotuama kati ya majani ya mmea wa bromelia, kisha hurudi mara kwa mara kumtagia mayai yasiyorutubishwa. Mayai hayo ndiyo chakula chake pekee, na ndani yake mama hupitisha pia sehemu ya sumu yake ya kumkinga mtoto. Wapo wasiopitia maisha ya majini kamwe: vyura wa jamii ya Eleutherodactylus hukua wakiwa ndani ya yai hadi wakawa vichura kamili, wakitegemea kiini mwanzo hadi mwisho. Na chura wa mlima Nimba huko Afrika Magharibi, Nimbaphrynoides occidentalis, huzaa watoto waliokwisha kuwa vichura baada ya kulishwa kwa majimaji yanayotolewa na mfuko wa uzazi wa mama. Hao nawaacha hapo, kwa sababu ni wazi kwamba viluwiluwi wenu ni wa njia ya kawaida.

Sasa tufike kwenye kile kilichowapata. Mabadiliko ya kiluwiluwi kuwa chura huendeshwa na homoni ya tezi ya thairoidi, na jambo hilo liligunduliwa, kwa bahati iliyoje, kupitia chakula. Mwaka 1912 mtafiti J. F. Gudernatsch alichapisha matokeo ya kuwalisha viluwiluwi vipande vya viungo mbalimbali vya wanyama. Waliolishwa tezi ya thairoidi waliacha kukua na badala yake waligeuka kuwa vichura vidogo kupindukia, kabla ya wakati wao. Miaka michache baadaye Mmarekani Bennet Allen alifanya kinyume chake, akawaondolea viluwiluwi tezi hiyo wangali wachanga. Waliendelea kukua wakawa wakubwa, lakini hawakugeuka kuwa vyura. Tangu hapo imeeleweka kwamba homoni hiyohiyo moja huiambia miguu iote, mkia uyeyuke na utumbo ujengwe upya, kila kiungo kikiitika kwa namna yake.

Miguu ya nyuma huonekana kwanza, na wakati huo mnyama bado ni kiluwiluwi kamili kwa upande wa chakula. Hula, tena hula sana, kwa kuwa anajiwekea akiba. Miguu ya mbele hukua kwa siri chini ya ngozi inayofunika matamvua, kisha hutokeza kwa ghafla. Kutokeza kwake ndiyo alama ya kuangalia. Karibu na siku hiyo midomo ya keratini na vijimeno hubanduka, mdomo mdogo wa mviringo huanza kupanuka kuelekea nyuma hadi upite chini ya macho, taya hurefuka, na ulimi, ambao kiluwiluwi hakuwa nao wa maana, hukua. Ndani, seli za ukuta wa utumbo wa zamani hufa kwa mpango, na mahali pake seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, hujenga ukuta mpya wenye mikunjo. Katika Xenopus laevis, ambaye amechunguzwa kuliko wengine, utumbo hupungua urefu kwa takriban asilimia 75. Tumbo nalo hupata tezi za asidi na za pepsini, kimeng'enya cha kuvunja nyama. Hata taka za mwili hubadilika: kiluwiluwi hutoa zaidi amonia, ambayo maji huichukua, ilhali chura wa nchi kavu hutoa zaidi urea, isiyo kali kama amonia.

Hebu wafikirie wanafunzi nyumba ambayo jiko linabomolewa na kujengwa upya huku mwenye nyumba akiishi humohumo. Siku za ujenzi hakipikwi kitu. Kwa jamii nyingi hali hiyo huchukua siku kadhaa, pengine wiki moja na zaidi kidogo, na katika muda huo mnyama huishi kwa mafuta aliyoweka na kwa mkia wake mwenyewe. Mkia haudondoki kama wa mjusi. Huvunjwavunjwa na vimeng'enya, na viambato vyake hurudishwa mwilini kutumika tena. Kwa hiyo wanne wenu wenye vipande vya mkia hawashindi njaa kwa maana tunayoijua sisi. Wanakula mkia.

Hatari kubwa ya siku hizo si njaa bali maji. Matamvua yanatoweka na mapafu yanachukua kazi, na kichura asiyepata mahali pa kupanda anaweza kuzama katika maji aliyozaliwa humo. Hukueleza kama tangi lenu lina sehemu kavu. Kama halina, nashuku kwamba baadhi ya vifo vimetokana na hilo na si chakula.

Mkia unapobaki kijipande kidogo tu au unapokwisha, njaa hurudi, na sasa ni njaa ya mwindaji. Hapa jicho lina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1959 Jerome Lettvin na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba baadhi ya nyuzi za neva zinazotoka katika jicho la chura huamka hasa pale kitu kidogo cheusi kinapoingia machoni na kusogea. Mdudu aliyetulia kabisa, au aliyekufa, karibu ni sawa na hayupo. Vyura wengi wanaweza kufa njaa wakiwa wamezungukwa na nzi waliokufa. Wapo wachache wanaojifunza kula kisichotembea, kama yule chura mkubwa wa Amerika ya Kusini, Rhinella marina, anayejulikana kwa kula hata chakula kilichowekewa mbwa na paka, lakini usimtarajie kichura wa wiki moja awe na ujuzi huo.

Ukubwa wa windo huamuliwa na upana wa kinywa, kwa kuwa chura hatafuni. Meno ya taya ya juu, kwa wale walio nayo, ni ya kushikilia tu, na ni jamii moja tu ya sasa, Gastrotheca guentheri, inayojulikana kuwa na meno halisi katika taya ya chini. Windo humezwa zima, na macho husaidia kulisukuma, yakizama ndani ya fuvu chura anapomeza. Ndiyo maana huonekana kama anafumba macho kwa kuona utamu. Kichura aliyetoka majini juzi, mwenye urefu wa sentimita moja au mbili, anaweza kula utitiri, vidukari, sisimizi wadogo, nzi wa matunda na wadudu wadogo warukao wanaoishi katika majani yaliyooza. Panzi ambaye chura mkubwa angemeza bila kufikiri ni mnyama wa kutisha kwake.

Hapa ndipo lishe ya majini inapoonekana tena nchi kavu. Kiluwiluwi aliyekosa chakula au aliyeharakishwa na dimbwi linalokauka hutoka akiwa mdogo, na mwenye mwili mdogo huwa na kinywa kidogo, akiba ndogo na mawindo machache anayoyaweza. Vyura wenu waliolishwa saladi peke yake kwa wiki kadhaa huenda walitoka wakiwa na upungufu wa protini na madini tangu mwanzo. Viluwiluwi huweka pia akiba ya chokaa katika vifuko vilivyo karibu na masikio na kando ya uti wa mgongo, nayo hutumika kuigandisha mifupa ya miguu. Maji na chakula visivyo na kalisi ya kutosha havijazi akiba hiyo.

Baada ya hapo, mabadiliko ya chakula huwa ya taratibu, na hufuata kipimo cha kinywa. Chura anavyokua huongeza mawindo makubwa: mbawakawa, panzi, buibui, minyoo, konokono. Baadhi ya wadogo hubaki na wadogo maisha yote, kama vyura wa sumu wa Amerika, ambao hupenda utitiri na sisimizi na kupata kwao alkaloidi zinazowafanya wawe na sumu. Wakizaliwa na kulishwa kifungoni bila mawindo hayo, hawawi na sumu. Wakubwa hawachagui. Chura mkubwa wa Amerika ya Kaskazini, Lithobates catesbeianus, hula kambamwitu wa maji baridi, panya, ndege wadogo, nyoka wadogo na vyura wengine, wa jamii yake wakiwemo. Chura mkubwa wa Afrika, Pyxicephalus adspersus, ni vivyo hivyo. Dume wake hulinda viluwiluwi vyake kwa ukali na huwachimbia mfereji maji yanapopungua, lakini ameonekana pia akiwala baadhi yao. Na kuna anayeharibu kanuni yote: chura mdogo wa miti wa pwani ya Brazili, Xenohyla truncata, ambaye akiwa mzima hula matunda pamoja na wadudu.

Turudi kwenye tangi lenu. Wawili waliobaki bila mkia wanahitaji leo hii mawindo hai madogo, yasiyozidi upana ulioko kati ya macho yao mawili, yawekwe machache machache ili yasiwapande mwilini. Nzi wa matunda wanafaa, na ni rahisi kuwapata kwa kuacha ganda la tunda lililoiva katika chupa iliyo wazi. Msichukue wadudu mahali palipopulizwa dawa. Wanne wenye vipande vya mkia wasipewe chakula; punguzeni maji, wekeni jiwe au ubao wenye mteremko unaotoka majini, na chombo kifunikwe kwa wavu, kwa sababu wataruka. Watenganisheni na vyura walio wakubwa kuliko wao, kwani kwa chura, mwenzake mdogo anayetembea mbele yake ni windo kama mengine.

Watatu wenye miguu ya nyuma tu bado ni viluwiluwi kwa kila hali. Endeleeni kuwapa majani, lakini wawekeeni pia jiwe lililojaa utando wa kijani kutoka bwawani, na mara mbili kwa wiki kipande kidogo cha yai lililochemshwa au cha samaki, kinachoondolewa baada ya saa chache kabla hakijaoza. Majani ya spinachi msiyategemee. Yana asidi ya oksaliki nyingi inayoweza kudhuru figo za viluwiluwi. Asubuhi mtakayoona mguu wa mbele wa kwanza umetokeza, ondoeni chakula, wekeni mteremko, na anzeni kukusanya nzi, kwa sababu wiki ijayo watahitajika.